Askari Wanaishia Barazani

Jumatano, 19 Februari 1964

Leo nimetia saini amani. Kwa mkono huu huu unaowaandikia watoto a, e, i, o, u.

Tumekutana skuli, darasani kwangu, kwa kuwa ndipo penye viti. Wazee wazima kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mzee Makungu, mwenyekiti wa chama hapa Mdimuni, amekalia kiti changu. Pembeni yake Sajenti Komba, askari wa bara. Yeye na wenzake wameletwa baada ya mapinduzi kulinda usalama. Mrefu, mpole, ananiita "mama mwalimu." Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Habari yenyewe: watu waliochukuliwa Januari warudi majumbani. Wako kambini mjini, kwenye skuli iliyofungwa. Lakini kijiji cha kuwapokea lazima kwanza kikubali mapatano. Tumekubali. Nani angekataa mbele ya bunduki?

Masharti nimeyaandika mimi, kwa herufi kubwa kubwa kama za watoto. Vitu vilivyochukuliwa virudishwe. Panga shambani tu, si njiani. Hakuna kuuliza damu — si upande huu, si upande ule. Askari wakae mpaka hali itulie. Na askari wasiingie nyumba wala shamba la raia. Kazi yao njiani na barazani.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza, na jambo likitokea ndani? Sajenti akasema ndani kuna kamati. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Wa kwanza kurudi ni Matar mwenye duka na mkewe, Mwanakheir. Ndiyo maana nimetiwa kamatini. Matar ni Mmanga, alikuja kijana kutoka Omani, amezeekea hapa. Mwanakheir wa Uroa, mwenyeji kama sisi, lakini kwa kuwa kaolewa na Mmanga alipakiwa lori moja naye. Ni shoga yangu. Makungu anasema kwa neno la mwanamme hatarudi. Langu atalisikia.

Wana mtoto mmoja, Suleyum. Huyo hayupo kambini. Jumanne ile ya Januari niliwaona wakimpitisha nyuma ya skuli, mikono imefungwa mgongoni. Wa mwisho katika wale wanaume alikuwa ndugu yangu Mcha, panga begani, kama mtu anayekwenda kukata kuni. Hakunitazama. Jioni alikuja kula, akaomba mchuzi zaidi.

Hakuna kuuliza damu. Nimeona afadhali. Aliye hai angalau arudi kwake.


Jumapili, 23 Februari

Mjini, kwa lori la askari. Ubao wa darasa bado una hesabu za mwaka jana. Nguo zimeanikwa madirishani. Harufu ya choo imeingia hata kwenye chai.

Mwanakheir nilimpita, sikumjua. Yeye ndiye aliyeniita. Kanga inamzunguka mara mbili. Bwana Matar akaletwa kutoka upande wa wanaume. Vijana wa mlangoni wanamnyoa ndevu kila Ijumaa, bila ya maji. Kidevu chote vidonda.

Nimewasomea mapatano, yote, na lile la damu. Bwana Matar akasikiliza ameinama. Akasema mwambie Mzee Makungu nimeyakubali. Nimeyakubali na ambayo hayakuandikwa.

Mwanakheir akauliza moja tu, kama Suleyum amerudi nyumbani. Nikasema hayupo.

"Basi ntamsubiri huko huko. Akija akakuta nyumba tupu atakwenda wapi?"

Nimetazama ubao. Gawanya hiki kwa kile, baki ngapi.

Halafu akanishika mkono. "Simuulizi sajenti, nnakuuliza wewe, Mwatima. Nikirudi, ntalala?"

Nikamwambia askari watakuwa barazani kwake usiku na mchana. Akakubali. Kwa neno hilo, si jingine.


Alhamisi, 27 Februari

Wamerudi. Lori limewashusha mbele ya duka lao. Kijiji kizima kipo, kama siku ya ngoma. Watoto wangu wa darasa la kwanza wamepangwa mstari, wapige makofi.

Kisha kurudisha vitu, mbele ya Sajenti. Sufuria. Kitanda bila ya miguu. Mizani ya duka, mawe yake hayapo. Mmoja ameleta kiatu, upande mmoja, watu wakavunjika mbavu. Kidawa, jirani yao, ameleta birika, na huku amejifunga kanga ya Mwanakheir, ile ya rangi ya machungwa tuliyokwenda pamoja kuinunua Darajani. Mwanakheir akaitazama kanga. Akatoa ahsante ya birika. Makungu ndivyo alivyotaka: kila kikipokewa waseme ahsante kwa sauti, Sajenti asikie.

Mwisho kupeana mikono. Wanaume wote wamejipanga. Mcha amemshika Bwana Matar asimwachie.

"Umepungua, Bwana Matar. Huko mjini hawakupi chakula?"

Wanatupa, alhamdulillahi, akajibu mzee wa watu. Mcha akacheka, akamwachia.

Nimebaki kuwasaidia kufagia. Chumbani, juu ya msala wa kusalia, palikuwa na mavi ya watu. Makavu, ya siku nyingi. Tumeyazoa.


Jumatatu, 2 Machi

Askari wawili barazani kwa Matar, wanapokezana. Duka limefunguliwa. Lina chumvi na vibiriti. Hakuna anayenunua.

Nimenunua kibiriti mimi. Mama hakukiwasha. Amekwenda kuomba moto kwa jirani, kwa kigae, mzee mzima juani.


Jumatano, 4 Machi

Inspekta, mkubwa wa Sajenti, amekuja kutoka mjini, na mpiga picha. Tangu alfajiri Makungu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wakanunue. Foleni mpaka njiani! Bwana Matar kasimamishwa nyuma ya mizani, kaambiwa acheke. Picha ya kwanza hakucheka vizuri. Ikapigwa nyingine.

Gari ya Inspekta ilipopinda kona, watu wakairudisha chumvi. Mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, wakaiweka juu ya meza.


Jumamosi, 7 Machi

Niandike tu.

Kisima cha minazini alikichimba Bwana Matar alipooa. Ndicho kilicho karibu na watu wote. Tangu Januari hakichotwi. Mdomo umefunikwa bati na makuti. Tunakwenda kisima cha skuli, mbali, na hatuambiani kwa nini. Watoto wakiuliza wanapigwa.

Leo Mwanakheir amekwenda na ndoo. Kidawa na wenzake walikuwa wakipita. Akawauliza kwa nini kimefunikwa. Kidawa akamjibu, chota tu, si chenu? Wakasimama. Wakamtazama akivuta bati. Wakamtazama akichota. Adhuhuri ilikuwa imeingia, akatia udhu pale pale. Akasukutua. Wote wanatazama. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mmoja alikimbia skuli kunambia. Anacheka — kile kicheko cha mtu anayetaka kutapika.

Nikawaacha watoto. Nimemkuta uani, ameshasali, ndoo iko karibu na jiko, anataka kuteleka chai.

"Usiyatumie hayo maji."

"Yana harufu, nimeona. Ntayachemsha."

"Usiyachemshe, shoga yangu."

Akanitazama usoni, sana. Kisha akaitazama mikono yake. Akaipeleka mdomoni, akaizuia njiani.

Ndoo akaiinua kwa mikono miwili. Akaiweka kivulini, akaifunika kawa, taratibu, kama anamfunika mtoto aliyelala. Hakulia. Akasema niondoke, nimwite Matar aje.

Barazani askari mmoja alikuwa anasinzia. Wa pili akanisalimu, akaniuliza mbona mbio.


Jumapili, 8 Machi

Mama anasema nimefanya uchochezi.

Mcha amekuja kula. Akauliza nilimwambia nini yule mwanamke. Nikasema nimemwambia maji mabaya.

"Basi. Si uwongo, maji mabaya." Akaendelea kula.


Jumanne, 10 Machi

Kikao. Mwanakheir ameshtakiwa! Mtu wa kwanza kuvunja mapatano ya Mdimuni ni yeye. Kosa: ameuliza damu. Makungu akanitaka nisome kile kifungu kwa sauti. Mwandiko wangu. Nikasoma.

Sisi tumekaa, yeye kasimama. Akasema hamuulizi mtu nani kafanya nini. Anamtaka mwanawe tu, amzike.

Makungu akasema kuomba maiti ni kuuliza damu. Akitolewa, watu watataka kujua aliingiaje.

Bwana Matar akalia. Akamwombea mkewe radhi, akasema amesamehe, amewasamehe wote, waliopo na wasiokuwapo. Akaubusu mkono wa Makungu. Makungu akauacha ubusiwe.

Maalim Shaame, anayetusalisha, akasema chini chini kwamba maiti kuzikwa ni haki iliyo juu yetu sote. Wakamtazama. Akanyamaza.

Nikasema mimi. Nikasema kifungu kinataja damu, hakitaji kuzika. Makungu akaniambia, "Mwalimu, wewe umetiwa hapa uwalete. Hukutiwa uwatetee."

Sajenti kaulizwa. Amri yake haina habari za visima. Atamwandikia Inspekta.


Jumatatu, 16 Machi

Jibu limekuja. Inspekta hana pingamizi, kamati ikiridhia. Askari wabaki njiani.

Kamati imeridhia, kwa masharti. Ateremke Matar mwenyewe. Pasiwe na matanga. Pasiwe na kilio cha sauti, kilio kitahesabiwa uchochezi. Na kamba ishikwe na wanaume wa kijiji, iwe alama ya suluhu. Makungu kafurahi sana na hilo la kamba. Pande mbili, kamba moja. Anasema Inspekta atalipenda.

Amewataja wa kushika. Mcha yumo.

Nimemwendea Sajenti barazani kwa Matar. Nimemwomba kamba washike watu wake. Akavua kofia. Akakaa nayo magotini, anaizungusha.

"Mama mwalimu, ingekuwa kwetu ningeteremka mimi mwenyewe. Hapa amri yangu inaishia barazani. Nikiigusa ile kamba nimeshaingia kwenye ugomvi wao."

Nikamwambia huu si ugomvi, ni kisima. Akaitazama kofia yake.

Nikamwendea Mcha. Nikamwomba akatae. Akasema kachaguliwa na mwenyekiti, atakataaje. Halafu akaniuliza kama namwogopa. Nikasema ndiyo.

Akafurahi. Wallahi alifurahi. Uso ulikunjuka kama wa mtu aliyesifiwa.


Alhamisi, 19 Machi

Mvua ilinyesha asubuhi. Ardhi utelezi.

Bwana Matar alikuja amejifunga shuka ya kazi. Alimpitia kila mtu kumtaka radhi, mpaka watoto. Maalim Shaame alishika sanda na kapu. Makungu alileta kiti chake. Sajenti alisimama ukingoni mwa barabara. Alionekana baina ya minazi. Mwanakheir hakutakiwa kuja. Akaja. Akasimama karibu yangu, ncha ya kanga ameiuma kwa meno.

Wakamfunga mzee kamba kiunoni, kamba ya usumba wa nazi, nene. Akateremka. Kapu likafuata kwa kamba nyingine.

Kwanza tulisikia maji tu. Kisha sauti yake, kutoka chini, imebadilika. Nimempata, alisema. Baadaye tukamsikia anazungumza Kiarabu, polepole, vile mtu anavyomwamsha mwanawe kwenda kusali. Wanaume pale juu hawakujua watazame wapi. Mmoja alitema mate. Mcha alikuwa anatafuna unyasi.

Kapu likapanda. Limefunikwa sanda. Zito si zito. Maalim Shaame akalipokea, akaliweka chini, akaligeuza kuelekea kibla. Mwanakheir hakutoa sauti. Kanga ilichanika menoni.

Halafu wakamvuta Bwana Matar. Nikamwona mkono umeshika ukingo, kisha kichwa. Maji yanamtiririka. Anahema. Mcha yuko mbele kwenye kamba, anamtazama kwa juu.

"Bwana Matar, hujasema ahsante."

"Ahsante," akasema. Nimesikia kwa masikio yangu. "Ahsanteni."

Kamba ikaachiwa.

Mcha akasema imeponyoka. Wengine wakamtazama yeye. Kisha na wao, mmoja baada ya mmoja: imeponyoka, imeponyoka.

Nikapiga kelele kumwita Sajenti. Akaja mbio mpaka mwanzo wa shamba. Mguu mmoja akautia majanini. Nimeuona ule mguu. Akaurudisha barabarani. Akauliza kutoka kule kule kuna nini. Makungu akamjibu: ajali.

Bwana Matar alikuwa hai. Alikuwa akiita. Makungu akasema kamba hii ya kapu imerowa, itaponyoka nayo, ikaletwe nyingine kavu. Mtu akatumwa. Nikaishika ile ile mimi, nikaitupa ndani. Wakaninyang'anya, kwa upole, kama watu wanaomzuia mgonjwa. Maalim Shaame alijaribu kuvua kanzu ateremke, wakamkalisha chini. Mwanakheir alilala kifudifudi penye mdomo wa kisima, anamjibu mumewe. Kila akiita, anamjibu. Hawakumwondoa. Hakuwa akilia, alikuwa anaitikia naam tu.

Aliyetumwa hakukimbia. Nilimwona akirudi, anatembea, kamba begani, amesimama njiani kuzungumza na mtu.

Ilipofika, hapakuwa na anayeita.


Ijumaa, 20 Machi

Wamezikwa baada ya sala, baba na mwana. Jeneza la baba limebebwa na wanaume wa kamati. Mcha mbele, bega la kulia.

Alipokuja kula nilimmiminia maji anawe. Nimeviangalia viganja. Safi. Vyeupe, havina mkwaruzo. Kamba ya usumba yenye mtu mzima inayokuponyoka huondoka na ngozi.

Nikamwambia mama, Mcha akisikia. Mama akasema yeye ana mtoto wa kiume mmoja tu.

Nikasema na Mwanakheir alikuwa naye mmoja.

Akanipiga na upawa usoni. Mimi, mtu mzima. Mcha akamwambia, "Muache, mama. Mwalimu huyo." Akaninyooshea sahani nimpakulie tena.

Nimempakulia. Sijui kwa nini nimempakulia.


Jumatano, 25 Machi

Inspekta kaja. Nimemwambia yote: mkono ukingoni, ahsante, viganja, kamba kavu. Amenisikiliza vizuri. Hakunikata. Akauliza kama niliona mikono ikiachia. Nikasema niliona kamba ikienda. Akasema, kwa huruma kabisa, kwamba hayo ni mambo mawili.

Kwake mapatano hayakuvunjwa. Ajali si damu. Kwa kweli Mdimuni ndicho kijiji cha mwanzo kilichokamilisha kila sharti, na askari wanahitajika kwengine.

Kisha akanitaka mimi. Familia nyingine kule kambini zimesikia habari ya Matar, zimeingia hofu. Wanataka neno la mwanamke. Niende Jumapili nikawatulize.

Nikakataa. Makungu akasema basi kazi ya skuli watu wanaitafuta.

Inspekta akasema tusifike huko. Akaniambia nifikiri. Akanipa mkono. Laini, una harufu ya sabuni.


Jumamosi, 28 Machi

Mwanakheir amekaa edda. Miezi minne na siku kumi hatoki mlangoni. Amevaa nyeupe. Anakula nikimlisha.

Sajenti ameniambia leo: wanaondoka Jumatatu. Nikamwomba wangoje edda iishe. Akasema amri ni mpaka hali itulie, na ripoti inasema imetulia.

"Nani kaiandika?"

"Mimi," akasema.

Kisha akasema anaweza kumchukua kwa lori ampeleke kambini, kule kuna ulinzi. Nimeingia kumwambia Mwanakheir. Akasema mwenye edda hahami nyumba ya mumewe. Na mumewe na mwanawe wamezikwa hapa. Nikamwambia watu waliokufa hawatamlinda. Akasema na walio hai je?

Sajenti alisikia, mlango ulikuwa wazi. Akatoa filimbi mfukoni, akaniwekea mkononi. Akiwa na shida apulize. Nikamuuliza nani atasikia. Filimbi hakuichukua.


Jumapili, 29 Machi

Sikwenda kambini. Kaenda Kidawa. Mama kaniambia kapewa na buibui jipya la kuvaa.

Nilipata kumwona akipanda lori, amekaa mbele na dereva. Atawaambia nini? Atawaambia nilivyomwambia mimi Mwanakheir.


Jumatatu, 30 Machi

Nnaandikia hapa hapa, ndani ya nyumba ya Mwanakheir, sakafuni.

Askari wameondoka asubuhi. Watoto walipangwa tena wapige makofi. Sajenti hakunitazama. Lile benchi lao wameliacha barazani.

Nilikuja na mkeka na nguo. Nilimwambia mama nakwenda kukaa na mwenye edda. Aliendelea kukuna nazi.

Sasa ni baada ya alasiri. Wanaume wamekaa kwenye benchi. Mwanzo walikuwa wawili, wanacheza karata. Sasa sauti ni nyingi, na hawachezi tena. Nimemsikia mume wa Kidawa akiuliza nyumba hii ina vyumba vingapi. Mtu akamjibu. Wakabishana nani atachukua upande wa duka.

Mwanakheir ameniuliza ni askari wale? Nimemwambia ni watu tu. Amevuta nguo yake nyeupe, ameifunika vizuri miguu.

Mcha amebisha hodi. Nimemjibu kwa ndani, humu mna edda, haingii mwanamme. Akasema anajua, hataki kuingia. Mama ananiita nyumbani.

Nimesema mama anajua niliko.

Mtu kacheka huko nje, akaambiwa anyamaze. Kisha Mcha kaja karibu na mlango kabisa, nasikia anavyovuta pumzi.

"Dada, toka wewe. Sisi hatuna neno na wewe. Toka tu, uende nyumbani."

Sauti ile ile ya utotoni, ya kuombea kitu. Nilimbeba mgongoni huyu.

Anasubiri. Wote wanasubiri, maana mazungumzo yamekwisha barazani.

Mwanakheir kaniinamia sikioni. Kanambia niende. Hana kinyongo, niende, nina mama.

Nimevua viatu. Nimeviweka pembeni mwa vyake.